Jinsi ya Kuisoma Njia Nyeupe Ukiwa Uganda: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila kiangazi kikiingia, maswali huwa yale yale. Kama sisi tumo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, tunaionaje? Ule weupe angani ni mawingu au ni nyota? Na aliyepiga ile picha ya galaksi nzima kutoka juu, alisimama wapi?

Hilo la mwisho nalijibu sasa hivi: hakuna aliyesimama popote. Hakuna chombo kilichowahi kutoka nje ya Njia Nyeupe kikageuka kuipiga picha. Picha zote za namna hiyo unazoziona ni michoro iliyotokana na vipimo vilivyochukuliwa humu humu ndani. Vipimo vya mwanzo kabisa vya aina hiyo unaweza kuvifanya wewe mwenyewe, ukiwa umelala chali kwenye mkeka.

Tena sisi wa Uganda tumependelewa. Ikweta inapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, kwa hiyo nyota za kaskazini na za kusini zote huchomoza na kutua kwetu. Anayeishi London hukiona kitovu cha galaksi kikijikokota karibu na upeo wa macho. Kwetu kinapanda nyuzi 61. Na majira yetu mawili ya kiangazi yameangukia pazuri: kiangazi cha Juni hadi Agosti hutuonyesha upande wa ndani wa galaksi, na kile cha Desemba hadi Februari hutuonyesha upande wa nje. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya jambo hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mkeka au turubai, sweta, na dawa ya mbu. Ukisimama na kukunja shingo, baada ya robo saa utakuwa umechoka na utarudi ndani.
- Tochi iliyofunikwa kwa kitambaa au karatasi nyekundu.
- Simu yenye programu ya ramani ya nyota, kwa mfano Stellarium. Ipakue ukiwa bado mjini, maana huko utakakokwenda mtandao unaweza kukuangusha.
- Kalenda inayoonyesha siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kalenda ya Kiislamu inatosha: siku za mwisho wa mwezi na siku mbili tatu za mwanzo ndizo zako.
- Karatasi moja ya manila, rula, penseli, msumari na uzi.
- Darubini ya macho mawili, ya 7×50 au 10×50, ukiipata ya kuazima. Si lazima.

Darubini kubwa ya miguu mitatu usiinunue kwanza. Hiyo huonyesha kipande kidogo sana cha anga kwa wakati mmoja, na kwa kazi hii tunahitaji kuona anga pana.

Nadharia utakayoihitaji ni hii tu. Galaksi yetu ni diski yenye upana wa miakanuru 100,000 hivi na unene wa takriban 1,000 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Vipimo hivyo ni sawasawa na chapati ya sentimita 30 yenye unene wa milimita 3, na sisi tumo ndani ya unga wake, katikati ya unene, mbali kidogo na kitovu. Ukitazama kuufuata upana, unapenya nyota nyingi mno ambazo macho hayawezi kuzitenganisha, nazo zinaonekana kama ukanda mweupe. Ukitazama juu au chini ya unene, unatoka nje upesi na nyota ni chache.

Hatua

1. Chagua usiku. Kwa upande wa ndani, anza katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Kitovu hufika juu kabisa kusini karibu saa tano usiku tarehe 20 Julai, na karibu saa tatu usiku tarehe 20 Agosti. Kila mwezi unaopita hukirudisha nyuma saa mbili. Usitoke mara jua linapozama: giza kamili huingia baada ya saa moja na zaidi, kwa hiyo kabla ya saa mbili na robo usiku unajichosha bure. Mbalamwezi ikiwepo, ahirisha. Hata nusu mwezi hufuta karibu kila kitu.

2. Chagua mahali. Kampala, Entebbe na Jinja zina taa nyingi. Umeme ukikatika mtaa mzima unaweza kuona zaidi ya kawaida, lakini huwezi kupanga kazi yako kwa kusubiri umeme ukatike. Nenda kijijini ambako kusini hakuna mji mkubwa. Karamoja ni bora kuliko kote nchini, hasa kuelekea Kidepo, kwa ukavu wa hewa na uchache wa taa. Visiwa vya Ssese vinasifiwa, lakini angalia mambo mawili. Ziwa Victoria hutengeneza ngurumo zake lenyewe usiku, hata nchi kavu ikiwa shwari. Halafu wavuvi wa mukene (dagaa) huwasha taa zao usiku ule ule usio na mwezi unaoutaka wewe, kwa kuwa samaki nao hufuata taa vizuri kukiwa giza. Keti upande wa kisiwa ambao hauelekei taa hizo.

Onyo: mwarifu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwamba utakuwa nje usiku na tochi nyekundu. Mtu anayelala shambani saa nne usiku akionyesha mbingu kwa kidole huzua maneno. Kando ya ziwa au mto, kaa mbali na njia za viboko. Usiku ndipo wanapotoka kula majani. Ndani ya mbuga usiende popote bila askari wa wanyamapori.

3. Zoesha macho. Dakika 20 hadi 30 bila mwanga mweupe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakaa vizuri gizani, kisha mmoja anafungua simu asome ujumbe, na wote wanaanza upya. Punguza mwanga wa simu hadi mwisho na uwashe rangi nyekundu ya usiku ndani ya programu.

4. Tafuta kitovu. Geukia kusini. Nyosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi hiyo ni nyuzi 10. Panda ngumi sita kutoka upeo wa macho. Upande wa kulia utaona Nge, kundinyota ambalo halihitaji kuelezwa sana: mkia wake umejikunja kweli, na moyoni ana nyota nyekundu, Kalbu Akarabu, ambayo kwenye programu utaikuta kwa jina Antares. Kushoto kwake ni Mshale, na nyota zake nane angavu hufanya umbo ambalo watazamaji wengi huliita birika, mdomo ukielekea kulia. Weka vidole vitatu kulia kwa ncha ya mdomo wa birika. Hapo ulipofikia ndipo kitovu kilipo, umbali wa miakanuru 26,000 na ushei.

Utaona weupe umenenepa na kupanuka mahali hapo. Hilo ni tumbo la galaksi, lililojaa nyota za zamani, na ndani yake umepita ufito mrefu wa nyota. Ndiyo sababu galaksi yetu huhesabiwa miongoni mwa galaksi za mzingo (zenye mikono ya nyota iliyojikunja) zenye ufito, si za mzingo wa kawaida.

Kwenye kitovu chenyewe kuna shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, lenye uzito wa jua zetu takriban milioni 4. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020, pamoja na Roger Penrose. Genzel na Ghez walilithibitisha shimo hilo kwa kufuatilia miaka mingi jinsi nyota zinavyolizunguka. Picha yake ya kwanza, iliyotengenezwa kwa kuunganisha antena za redio za mabara mbalimbali, ilitolewa tarehe 12 Mei 2022. Wewe hutaliona. Na si hilo tu: hata nyota zinazolizunguka hutaziona, kwa sababu inayofuata.

5. Soma weusi, si weupe tu. Anayeanza hutazama palipo na mwanga. Sasa fanya kinyume. Fuata ukanda kutoka Mshale kwenda utosini, kisha kaskazini-mashariki. Utaona umepasuka katikati na mfereji mweusi. Ule si uwazi. Ni vumbi lililosimama mbele ya nyota.

Vumbi hili ni chembe za kaboni na silika, ndogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Kati ya nyota na nyota, sehemu kubwa ya vitu vilivyopo ni gesi: kwa uzito, robo tatu hivi ni haidrojeni, karibu robo ni heli, na vilivyobaki vyote havizidi asilimia 2. Vumbi ni kama asilimia 1 tu. Lakini hiyo asilimia 1 inazuia mwanga wa kitovu kiasi kwamba, katika kila chembe trilioni moja za mwanga wa kawaida zinazoondoka kule kuja kwetu, inafika moja. Mawimbi ya redio na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) hupenya, na ndiyo wanaastronomia wanayoyatumia. Mhandisi wa redio Karl Jansky alitangaza mwaka 1933 kwamba amenasa redio kutoka Njia Nyeupe, naye alikuwa anatafuta chanzo cha kelele kwenye simu za redio tu.

Usilidharau vumbi. Mwaka 1785 mwanaastronomia William Herschel alihesabu nyota kila upande, akachora ramani ya galaksi, na jua likatokea karibu na katikati. Hesabu yake ilikuwa ya uangalifu. Kilichomponza ni kwamba alifikiri anaona hadi mwisho, kumbe anaona hadi kwenye ukungu. Athari ya vumbi hili ilikuja kuthibitishwa na Robert Trumpler mwaka 1930.

Sogeza sasa macho juu kidogo ya mdomo wa birika, karibu nusu ngumi. Kuna kibaka chenye mwanga hafifu. Ni nebula ya Lagoon, wingu la gesi linalozaa nyota, umbali wa miakanuru 4,000 na zaidi. Kwa darubini ya macho mawili huonekana wazi, ila haina rangi.

Onyo: usitegemee rangi. Ile zambarau na waridi ya kwenye picha hutokana na kamera kukusanya mwanga kwa sekunde nyingi. Jicho la binadamu gizani huona kijivu. Hili ndilo linalowavunja moyo watu wengi kuliko yote, hivyo liseme mapema kwa uliokwenda nao, hasa watoto.

6. Tafuta mafungunyota ya mviringo. Hatua hii ndiyo niipendayo kuliko zote, maana hapa unarudia kwa mikono yako ugunduzi mkubwa. Yako mafungunyota yenye umbo la mpira, kila moja lina nyota laki kadhaa za zamani sana. Hayakai ndani ya diski. Yametapakaa juu na chini yake, katika eneo liitwalo halo. Yanayojulikana yanazidi 150.

Kwa darubini ya macho mawili tafuta matatu:

- M4 (M na namba ni jina lake katika orodha ya Messier), upande wa kulia wa Kalbu Akarabu, karibu sana nayo.
- M22, juu kushoto kwa kilele cha kifuniko cha birika, kama miakanuru 10,000.
- Omega Centauri katika kundinyota Kantarusi. Hili litafute Julai mapema usiku, ngumi tatu hivi juu ya upeo wa macho kusini-magharibi. Lina nyota milioni 10 hivi, liko miakanuru 17,000, na pasipo taa huonekana kwa macho matupu kama nyota iliyofifia.

Kisha fungua programu, uiambie ionyeshe mafungunyota yote ya aina hii, na uzungushe anga nzima. Yamerundikana upande mmoja: Nge, Mshale na jirani zao. Upande wa pili, yale ya Januari, ni machache mno. Mwanaastronomia Harlow Shapley aliliona hilo na mwaka 1918 akasema: kama haya yanazunguka kitovu cha galaksi, basi kitovu kiko kule yalikorundikana, nasi tuko pembeni. Ukubwa wa galaksi aliutia chumvi, lakini mwelekeo aliupata.

7. Rudi Januari au Februari kwa upande wa nje. Safari hii Jabari, kundinyota liitwalo Orion kwenye programu, anapita karibu utosini. Nyota tatu za ukanda wake ziko takriban juu ya ikweta, kwa hiyo huwezi kumkosa. Geukia kaskazini, panda ngumi sita tena: utafika karibu na ncha ya pembe ya kaskazini ya kundinyota Ng'ombe. Hapo umekipa kitovu mgongo kabisa. Ukanda upo, lakini ni hafifu, kwa sababu kutoka kwetu hadi ukingo wa diski ni kama miakanuru 24,000 tu, wakati kupitia kitovu hadi ukingo wa pili ni 76,000.

Vinavyong'aa hapa ni vya mtaa wetu. Kilimia, ambacho wakulima wamekitumia tangu zamani kujua majira, kiko miakanuru 440 hivi. Nebula ya Jabari, kusini tu ya ule ukanda wa nyota tatu, ni 1,350. Sisi na hivyo vyote tumo katika tawi moja dogo la nyota liitwalo Mkono wa Jabari, kati ya mikono miwili mikubwa zaidi, Mshale na Perseus.

Kaskazini mwa nchi, kumbuka moshi. Miezi hiyo majani huchomwa sana, na anga linaweza kuonekana safi mchana ilhali usiku nyota za chini zote zimemezwa.

8. Tazama nje ya diski. Mwisho wa Mei na mwanzoni mwa Juni, karibu saa tatu usiku, panda ngumi sita kaskazini. Patupu. Kutoka tulipo, miakanuru 500 hivi inatosha kukutoa nje ya unene wa diski upande huo.

9. Chora ramani. Hapa usiharakishe. Sentimita 1 iwe miakanuru 2,000. Piga msumari katikati ya manila, funga uzi wa sentimita 25, chora duara. Hiyo ndiyo diski. Katikati chora ufito wa sentimita 14 hivi, ulale mshazari, ncha yake moja ikiwa karibu na upande wako. Weka nukta ya jua sentimita 13 kutoka kitovu. Kisha weka ulivyoviona: Kilimia milimita 2 kutoka jua kuelekea nje, nebula ya Jabari milimita 7, Lagoon sentimita 2 kuelekea kitovu, M22 sentimita 5.

Sasa zungushia jua duara ambalo kutoka jua hadi ukingo wake ni nusu sentimita. Karibu nyota zote ulizowahi kuziona moja moja kwa macho matupu zimo ndani ya kiduara hicho. Wacha watoto walibishie hilo, kisha wakupe hesabu.

Mawingu ya Magellan, yale mabaka mawili yanayoonekana chini kusini Januari, si sehemu ya diski. Ni galaksi ndogo jirani. Kubwa lake liko miakanuru 160,000, yaani sentimita 80 kutoka kwa jua lako, nje ya karatasi. Galaksi ya Andromeda, miakanuru milioni 2.5, iweke mita 12 na nusu, huko uani.

Kuna kitu hutakichora. Jua hulizunguka kitovu kwa kasi ya kilomita 220 hivi kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua miaka milioni 225 hadi 250. Nyota za mbali zaidi zilipaswa kwenda polepole kuliko zinavyokwenda, kama vingekuwepo tu vile tunavyoviona. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wa galaksi ni maada giza, isiyotoa wala kuzuia mwanga. Ni kitu gani hasa, bado haijajulikana, na anayekuambia anajua muulize amejuaje.

Ukikwama

*Nimetoka, sioni ukanda wowote.* Angalia kwa mpangilio huu: mwezi, taa, saa, moshi. Mara nyingi ni mojawapo ya mawili ya kwanza.

*Naona weupe lakini sina hakika kama si wingu.* Chagua nyota moja iliyo kando yake, subiri dakika 10. Wingu litaisogelea au kuifunika. Njia Nyeupe na nyota husogea pamoja.

*Kuna nyota kali ambayo haimo kwenye maelezo yako.* Huenda ni sayari: Zuhura, Mshtarii, Mirihi au Zohali. Njia yao inapita katika Nge, Mshale na Ng'ombe, kwa hiyo huvuruga maumbo mwaka hadi mwaka.

*Programu inanionyesha kusini siko.* Dira ya simu imepotoshwa na chuma. Ondoka karibu na gari na nyumba ya mabati, toa kava lenye sumaku, kisha zungusha simu hewani mara kadhaa kwa umbo la nane.

*Darubini inatikisika, nyota zinacheza.* Lala chali, viwiko viguse mbavu, au iegemeze kwenye kiti kilichopinduliwa.

*Vitabu havikubaliani: nyota bilioni 100 au 400?* Vyote viko sawa. Nyota nyingi ni ndogo na hafifu, hazihesabiki moja moja, kwa hiyo idadi hukadiriwa kutokana na uzito. Chombo cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kiliorodhesha nyota karibu bilioni 1.8 katika toleo la mwaka 2022, na hiyo haijafika hata asilimia 2 ya kadirio la chini. Upana nao hutofautiana kwa sababu diski haina ukingo mkali. Nyota hupungua polepole hadi zinaisha.

*Lenzi zimeingia ukungu.* Usizifute kwa shati wala kuzipulizia. Ziweke ndani ya koti dakika chache, halafu uendelee.